Hendla inayogonga milango yote nane: jibu kwa fundi wa mizani ya miwa

Swali limetoka kwa kijana mmoja wa Kisumu, nalifupisha kidogo: "Mkubwa, habari ya Nakuru. Mimi ni fundi wa kompyuta, nashughulika na mizani ya malori ya miwa upande wa Muhoroni. Kompyuta ya mizani inatumia Linux, ina kadi ya PCI ya poti nane za serial, na draiva niliandika mwenyewe juu ile ya kawaida ilikataa kuitambua hiyo kadi. Inafanya kazi, lakini malori yakijaa prosesa inapanda sana na saa zingine uzito unaingia ukiwa umekatwa mkia. Hendla yangu (kile kipande cha draiva kinachoitwa kadi ikiita), intarapti (ishara ya kadi kuita prosesa) ikiingia, inazunguka poti zote nane inasoma IIR, LSR na MSR (rejista za chipu: nani ameita na kwa nini, hali ya baiti, hali ya nyaya za modemu), halafu inarudia mpaka zote zinyamaze. Nifanye aje hizi cheki ziwe nyepesi? Rafiki yangu anasema niachane na intarapti nitumie polingi tu (kuuliza kadi kila baada ya muda fulani), sijui kama ananipoteza."

Sasa omera. Rafiki yako hakupotezi sana, tutamrudia. Lakini wewe umeniambia shida mbili ukadhani ni moja, prosesa kupanda ni shida moja na uzito kukatwa mkia ni nyingine, na mimi hiyo ya mkia ndiyo nataka tuanze nayo kwa sababu nina hakika karibu yote kwamba imesababishwa na kitu hujanitajia.

Fanya hesabu na mimi. Mizani nyingi zinatuma kwa spidi ya 9600, na kila baiti inabeba biti kumi ukihesabu ya kuanza na ya kumaliza, kwa hivyo ni baiti 960 kwa sekunde, yaani baiti moja kila milisekundi 1.04. Chipu ya serial ya 16550A ina FIFO (foleni ya kuweka baiti zikingoja kuchukuliwa) ya baiti 16, ikianza kujaa unapewa kama milisekundi 16 kabla ijae, na hendla yako hata ikiwa mzito namna gani haiwezi kuchelewa hivyo. Sasa baiti zinapotea aje? Mimi naona mawili. La kwanza, FIFO haujaiwasha. Ikiwashwa kompyuta chipu inaamka kama ile ya zamani ya 16450 yenye nafasi ya baiti moja tu, mpaka wewe mwenyewe uandike kwa FCR (rejista ya kudhibiti FIFO) ndio iwashe FIFO, na ukiandika draiva yako kutoka sifuri hiyo ni laini moja rahisi sana kusahau. La pili, nakuomba usikasirike, kuna printk (amri ya kerneli, kiini cha Linux, ya kuandika ujumbe kwa konsoli) umeacha ndani ya hendla.

Nakuambia hivyo kwa sababu mimi mwenyewe iliwahi kunipata hapa Nakuru. Kulikuwa na mtambo wa kupozea maziwa, kontrola yake inaongea na kompyuta kwa serial, na baiti zinapotea. Nikakaa siku mbili nzima nikipunguza kusoma rejista, naondoa hii naondoa ile, napima, hakuna mabadiliko. Kumbe nilikuwa nimeacha printk moja ya "intarapti imeingia" na konsoli ya hiyo mashine ilikuwa pia ni serial ya 115200. Laini ya herufi 80 kwa spidi hiyo inachukua karibu milisekundi 7 kutoka, na hendla inasimama hapo hapo ikingoja. Milisekundi saba! Kwa 9600 bila FIFO hapo baiti sita zimeshapita zikienda zao. Nilicheka peke yangu usiku huo, kicheko cha aibu. Kwa hivyo kabla uguse kitu kingine toa printk zote kwa hendla, ukitaka kuona kinachoendelea tumia ftrace (kifuatiliaji kilicho ndani ya kerneli), unaandika 1 kwenye /sys/kernel/tracing/events/irq/enable halafu unasoma faili ya trace, utaona hendla iliingia saa ngapi ikatoka saa ngapi kwa maikrosekundi, na haikugharimu kama printk.

Halafu washa FIFO. Ukiandika 0x81 kwa FCR umeiwasha na umesema iite ikifika baiti 8. Viwango ni vinne tu, 1, 4, 8 na 14. Watu wengi wanakimbilia 14 ndio intarapti zipungue, mimi sipendi, 14 inakuachia nafasi ya baiti mbili tu kabla ya mafuriko. Kwa 9600 unaweza kukubali, kwa 115200 hizo mbili ni maikrosekundi 170 hivi na kerneli ya kawaida inaweza kuchelewa zaidi ya hapo bila kuomba msamaha. 8 inatosha. Ukishawasha soma IIR uangalie biti mbili za juu, zikiwa zote moja basi FIFO iko na inafanya kazi. Kuna 16550 za kwanza kabisa, zile zisizo na herufi A, FIFO yake ilikuwa na kasoro, sidhani utakutana nayo kwa kadi ya PCI ila mitumba ni mitumba.

Haya, sasa swali lako lenyewe.

Chukulia una ploti ya vyumba nane kule Nyalenda na wewe ndiye keateka. Kengele ya geti ikilia, wewe unaenda mlango wa kwanza unagonga unauliza "ni wewe umeitwa?", "umelipa stima?", "maji yako yanatoka?", halafu mlango wa pili maswali yale yale matatu, mpaka wa nane, na ukimaliza unarudi mlango wa kwanza kuuliza tena kama kuna mtu alisahau. Mgeni amesimama getini. Hiyo ndiyo hendla yako. Na ubaya ni kwamba kila swali kwa kadi ni safari. Ukisoma kitu kwa memori ya kompyuta na kiko karibu, ni nanosekundi chache. Ukisoma rejista ya kadi ya PCI, prosesa inatuma ombi linavuka basi (njia ya data kati ya prosesa na kadi), linapita daraja, kadi inajibu, jibu linarudi, na muda huo wote prosesa imesimama inangoja, haiwezi kusema acha nifanye kingine kwanza. Chukua ni maikrosekundi moja kwa kila safari, ndiyo makadirio mafundi wa poti za namna hii wanatumia.

Weka hesabu yako sasa. Poti nane zote zikimwaga data bila kupumzika ni baiti 7,680 kwa sekunde. Bila FIFO kila baiti ni intarapti yake. Kila intarapti unasoma rejista tatu mara poti nane, 24, ongeza baiti yenyewe, 25. Hiyo ni safari 192,000 kwa sekunde, na kwa maikrosekundi moja moja umekula karibu asilimia 19 ya prosesa ukiuliza tu maswali, na bado sijahesabu ule mzunguko wako wa pili wa kuhakikisha zote zimenyamaza. Na kati ya hizo safari zote, zenye maana kabisa ni 7,680, zile za kuchukua baiti. Hizo huwezi kukwepa. Zingine zote tunaweza kupigania.

Kwanza ule mzunguko wa kurudia. Umeutoa kwa kodi ya zamani (si ile ya KRA) ya kadi za ISA, zile za kabla ya PCI, sivyo? Kule ulihitajika kweli kwa sababu intarapti ya ISA ni ya ukingo, waya ukipanda prosesa inaona mara moja tu, ukitoka kabla poti zote zinyamaze waya unabaki juu na hutaitwa tena, serial inakufa kimya. PCI si hivyo. Laini za kawaida za PCI ni za kiwango, kadi ikiwa bado ina shida laini inabaki imeshikwa, na ukitoka kwa hendla unaitwa tena papo hapo. Kwa hivyo zunguka mara moja, toka. Kama kuna mwenye neno ataita.

Pili, usizunguke kwa asiyeita. Fungua datashiti ya chipu ya kadi yako utafute rejista ya jumla inayoonyesha ni poti gani imeita, kadi nyingi za poti nyingi zinayo. Mfano chipu ya XR17C158 ya Exar, ambayo ni poti nane, ina rejista ambayo kila poti ina biti yake, unasoma mara moja unajua ni nani. Ni kama keateka amewekewa ubao wa taa nane getini. Ukisoma ukapata sifuri, rudisha IRQ_NONE ("si yangu") uende zako. Hapo umeuliza swali moja badala ya 24, na hii ina faida kubwa kuliko unavyodhani, kwa sababu hebu cheki /proc/interrupts uone kama laini yako unaigawana na kitu kingine. Mashine nyingi za kiofisi za zamani zinaweka kadi ya PCI na kadi ya mtandao kwa laini moja. Ikiwa ni hivyo, kila intarapti ya mtandao ikiingia na wewe unaitwa, kengele ya jirani inalia kwako, na wewe unafanya cheki 24 kwa ajili ya mtu aliyekuwa anafungua barua pepe.

Hapo kwa IRQ_NONE na IRQ_HANDLED usidanganye. Nimeona watu wanarudisha IRQ_HANDLED ("ni yangu, nimeishughulikia") kila mara "ndio isilalamike". Kerneli inahesabu, kwa kila intarapti 100,000 ikikuta zaidi ya 99,900 hazina mwenyewe inaandika "nobody cared" na inaifunga hiyo laini. Hiyo ni bima yako, ukidai kila kengele ni yako umeitupa, na siku kadi itakwama laini ikiwa imeshikwa mashine nzima itaganda na hutajua kwa nini.

Kama kadi yako haina rejista ya jumla, basi weka kwa memori alama ya poti zilizofunguliwa na zunguka hizo peke yake. Sidhani mizani yako inatumia zote nane. Na kwa kila poti soma IIR tu kwanza, biti ya mwisho ikiwa moja huyo hana neno, ruka. LSR na MSR usiziguse.

MSR ndiyo inanikera zaidi kusema kweli. Hiyo ni hali ya nyaya za modemu, CTS na wenzake, na kebo ya mizani kwa kawaida ina nyaya tatu, kutuma, kupokea na gandi. Pini zingine ziko wazi zinaelea. Zima biti 0x08 kwa IER (rejista ya kuruhusu intarapti) na usiisome tena hadi siku utakuwa na modemu. Na si kuokoa safari tu, pini inayoelea inaweza kuokota kelele ya mota au ya jenereta na kukuitia intarapti za uongo, kwa kiwanda zote mbili ziko.

Sasa hapa ndipo pazuri, na hapa ndipo watu wengi hawafiki. Njia ya kawaida ya kuchukua baiti ni soma LSR kama kuna baiti, chukua, soma LSR tena, chukua. Baiti nane ni safari 16 na zaidi. Lakini wewe umeshaambiwa jibu! IIR ikikuambia 0x04, maana yake FIFO imefika kile kiwango ulichoweka. Uliweka 8. Basi ziko nane angalau, mbona unauliza moja moja? Kitu pekee hujui ni kama kuna baiti mbovu ndani, na LSR ina biti ya saba kwa kazi hiyo hiyo, inawaka ikiwa kuna kosa la parity, la fremu au breki mahali popote ndani ya FIFO, si kwa ile ya mbele peke yake. Ongeza zile za makosa ya kawaida pamoja na ya mafuriko, unapata 0x9e. Ikiwa zote zimezima, beba nane kwa mpigo:

iir = inb(base + 2);
if (iir & 1)
    continue;
lsr = inb(base + 5);
if ((iir & 0x0f) == 0x04 && !(lsr & 0x9e))
    insb(base, buf, 8);
else
    pole_pole(port, iir, lsr);

Mambo matatu hapo uangalie. Mpangilio una maana, IIR kwanza ndio LSR, kwa sababu ukifanya hivyo LSR inazungumzia baiti zote ambazo IIR ilikuhakikishia, ukigeuza kuna baiti mbovu inaweza kuingia katikati ukaimeza kama nzima. La pili, ona nimempa pole_pole ile lsr niliyokwisha kuisoma. Kusoma LSR kunafuta biti za makosa, ukiingia kule ndani ukasoma upya kosa limeshafutika na utampa mwenye mizani tani ambazo hazipo. Na la tatu, insb haipunguzi safari, kila baiti bado inavuka basi, inakupunguzia maagizo ya prosesa peke yake, usije ukaniambia nilikuahidi miujiza.

Ndani ya pole_pole ndio ufanye zile taratibu za zamani, angalia LSR kila baiti, hesabu makosa. Utafika huko pia IIR ikisema 0x0c, hiyo ni chipu inakuambia nina baiti chache hazifiki nane na zimekaa muda wa herufi nne hakuna anayekuja. Mizani ikituma laini ya herufi 18, nane na nane zinaenda kwa njia ya haraka, mbili za mwisho zinakuja kwa njia hii zikichelewa milisekundi nne hivi. Dereva wa lori hataona.

Hesabu mpya: rejista ya jumla moja, IIR moja, LSR moja, baiti nane, jumla 11, mara intarapti 960, ni safari 10,560. Kutoka 192,000. Prosesa inatumia asilimia moja na kitu.

Ukitaka kutuma, mfano kwa printa ya risiti, usiulize kila baiti pia. LSR ile ile uliyoisoma ina biti 0x20, ikiwaka FIFO ya kutuma iko tupu, sukuma 16 bila kuuliza. Na thamani za IER na MCR (rejista ya kudhibiti nyaya za modemu) ziweke kwa memori, wewe ndiye uliyeziandika, kuzisoma tena kutoka kwa kadi ni kama kupigia mtu simu kumuuliza ulimwambia nini jana.

Kutafsiri uzito, kutoa koma, kuandika kwa faili, yote hayo yatoke kwa hendla. Ipe tty (sehemu ya kerneli inayopokea data ya serial) kwa mkupuo na tty_insert_flip_string, sukuma bafa mara moja mwisho, programu ya juu ijisomee. Tredi ya intarapti sioni ukiihitaji hapa, hiyo ni ya vifaa kama vya I2C (basi ya pole pole ya nyaya mbili) ambavyo kusoma rejista moja kunalazimu kulala kungoja, baiti moja kwa kilohezi 100 ni maikrosekundi 90 na hendla hairuhusiwi kulala.

Na rafiki yako wa polingi. Kwa 9600 na FIFO imewashwa, taima ya kila milisekundi 5 inatosha, haipotezi kitu. Lakini polingi haijui kuna baiti ngapi, kwa hivyo inarudi kuuliza LSR kila baiti, ukihesabu inafika kama safari 17,000, imezidi njia yetu ingawa bado ni ndogo sana kuliko ulicho nacho sasa. Na usiku malori yakiisha bado itauliza mara 1,600 kwa sekunde kama mlinzi anayepiga tochi chumba kitupu, intarapti hapo ni sifuri. Kwa mtandao ni hadithi nyingine, kule paketi ni nyingi mpaka draiva zinachanganya zote mbili, intarapti ya kwanza inaingia, inazimwa, kerneli inavuta paketi mpaka 64 kwa zamu, zikiisha inawashwa tena, NAPI hiyo. Serial ya mizani haijafika huko.

Kabla sijasahau, radi. Wewe uko ukanda ambao mvua ya jioni haiji bila radi, na ukipanda Kakamega au Kisii ndio kabisa, na kebo ya mizani inatembea mita nyingi nje. Kadi ikiungua au ikilegea kwa sloti yake, kila rejista inasoma 0xff. IIR ya 0xff biti ya mwisho ni moja kwa hivyo utairuka salama, lakini hendla yako ya sasa inasoma LSR bila kujali IIR, LSR ya 0xff inasema "nina baiti" milele na lupu yako haitoki. Weka kikomo, zungushio 256 zinatosha, na LSR ikija 0xff hesabu hiyo poti imekufa uifunge.

Kujaribu usingoje lori. Chukua kipande cha waya unganisha pini ya 2 na ya 3 za kiunganishi cha pini tisa, kinachotoka kinarudi, tuma faili ya megabaiti moja kwa poti zote kwa wakati mmoja ulinganishe na iliyorudi. Kwa 9600 itachukua kama dakika 18, nenda Dunga ule samaki urudi. Zikitoka sawa, rudisha kebo na uache ftrace imewashwa Jumatatu asubuhi foleni ya malori ikianza, halafu nitumie muda mrefu zaidi ambao hendla imekaa ndani na laini ya /proc/interrupts ya kadi yako, kabla na baada.